Baba alisema yuko salama: niliyojifunza kliniki na wodini hapa Moshi

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibaraza changu Moshi mjini, si mbali na soko la Mbuyuni. Sijasomea udaktari wala unesi. Naandika kwa sababu tangu mwaka jana watu wanne, wote wana baba aliyepita miaka 65, wamekuja kibarazani kuniuliza jambo lilelile: ufanyeje baba anaposumbuliwa na mkojo na mbele ya daktari hasemi. Nimechoka kulisimulia nusunusu huku mguu uko kwenye cherehani.

Baba yangu anaishi Kibosho, ana miaka 71. Februari mwaka jana mama alinipigia simu akaongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baba anaamka usiku mara tano, mara sita, anakwenda chooni, anakaa sana, akirudi halali. Choo chenyewe kiko nje, nyuma ya banda la ng'ombe. Mama alikuwa anahesabu mlio wa mlango. Baba ukimuuliza anasema ni uzee tu, na mgongo.

Hospitali ya kule juu ikatuandikia rufaa kwenda kwa daktari bingwa. Jina la hospitali ya rufaa silitaji. Waliomtibu baba akapona ni walewale niliowalalamikia, na sitaki mtu achukue nusu moja ya habari yangu aache nyingine.

Kosa la kwanza lilikuwa la kwangu na lilikuwa la pesa. Tulikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya mfuko wa afya ya jamii, wakati huo shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Nilishuka na baba nikiwa na kadi mkononi na nauli ya kurudi, basi. Dirishani nikaambiwa kadi ile inatumika kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, na hapa tumeshavuka ngazi hiyo. Nikarudi pembeni nikaanza kupiga simu kwa wadogo zangu, baba ananitazama. Anayekwenda kwa bingwa aulize kabla ya kupanda gari kadi yake inaishia ngazi gani. Aulize na habari ya msamaha wa malipo kwa wazee palepale hospitali ya kwanza, kwa sababu barua ya mtendaji inayotakiwa inatoka kijijini. Mimi niliijua siku ya bili, nikapanda tena Kibosho kuifuata. Afisa ustawi wa jamii aliisoma, akaniuliza maswali ya haki: mzee ana kihamba, yaani shamba la ukoo? Ana watoto wangapi wanaofanya kazi? Hatukuhesabiwa miongoni mwa wasio na uwezo, na kusema kweli hatukustahili. Ila alituruhusu kulipa kwa awamu mbili, na hilo nisingelipata kama nisingegonga mlango wake.

Sasa chumba cha daktari. Kulikuwa na meza mbili, madaktari wawili, wagonjwa wawili kwa wakati mmoja, na mlango umewekewa tofali usijifunge kwa upepo. Foleni ya nje inaona ndani. Meza ya pili kulikuwa na mama wa makamo na mkwe wake. Daktari wetu alikuwa kijana, intani nadhani, yaani daktari aliye mafunzoni, mpole, ana haraka ya mtu mwenye mafaili mengi mezani.

"Mzee, mkojo unatoka vizuri? Haukatiki katikati?"

Baba akageuza kofia yake magotini. "Unatoka."

"Usiku unaamka mara ngapi?"

"Mara moja. Siku nyingine siamki."

Nikafungua mdomo. Baba akanitupia jicho, lile la utotoni, la wageni wakiwa sebuleni na wewe unataka kusema kitu. Nikaufunga. Akaulizwa kinachomsumbua, akasema mgongo. Tukatoka na dawa za mgongo na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Njiani nilimlaumu yule kijana kimoyomoyo mpaka tunafika stendi. Hata leo namlaumu kidogo, lakini angefanyaje? Aliandika alichoambiwa.

Katikati ya Aprili, mvua za masika zinanyesha, mkojo uliziba kabisa. Mama alipiga simu saa tisa usiku. Jirani akatoa Noah yake kwa shilingi 40,000, na barabara ilikuwa tope tupu, baba amelala kiti cha nyuma anashika tumbo. Chini ya kitovu palikuwa pagumu kama ngoma. Nilidhani anakufa. Mapokezi ya dharura hawakuchelewa, hilo niwape haki yao. Wakamwekea mpira, mkojo ukaanza kushuka kwenye mfuko, nesi akausoma: mililita 1,300. Baba alipumua kama mtu aliyetua gunia.

Asubuhi bingwa akanieleza kwa kuchora nyuma ya karatasi. Tezi dume iko chini ya kibofu, imeizunguka njia ya mkojo. Mwanaume akizeeka tezi hukua, na wengine huwabana njia mpaka inaziba. Kukua huko peke yake si saratani. Lakini mkojo ukikaa muda mrefu unarudisha shinikizo juu kwenye figo, na damu ya baba ilionyesha figo zimeanza kuguswa. Akalazwa siku nne waziangalie.

Akaniuliza: dalili zilianza lini? Nikasema tangu mwaka uliopita. Akafunua faili, akasoma ya Februari: anaamka mara moja. Hakusema kitu. Alifunga faili taratibu tu.

Wakati huohuo kipimo cha damu cha PSA, kile cha tezi dume, kikarudi kiko juu, na mtu fulani wa familia, simtaji, alikuwa ameshasoma kwenye simu kwamba PSA maana yake saratani. Nyumba nzima ililia siku mbili. Kumbe mkojo kuziba, mpira, hata maambukizi, vyote vinaweza kukipandisha kipimo hicho. Bingwa alisema tusubiri, kirudiwe baada ya wiki sita. Laiti ningemuuliza swali moja tu kabla ya kuwapigia ndugu: je, kuna kitu kingine kinachoweza kuleta majibu haya?

Wodi ndiyo iliyonitoa machozi ya hasira. Juu ya kila kitanda kulikuwa na reli ya pazia, imezunguka vizuri, na haina pazia hata moja. Nesi akija kumsafisha mgonjwa mwenye mpira, anamsafisha hapo hapo, jirani anakula uji, na saa ya kuona wagonjwa ikiwa imekaribia, wake za watu wamejaa mlangoni. Siku ya pili nilimwona baba anavyojisitiri. Hakujifunika mwili, maana mwili ndio unaoshughulikiwa. Alivuta shuka akajifunika uso.

Choo nacho kilikuwa na ngazi mbili za kushuka, sakafu imelowa, na hakuna pa kushika. Mzee ana mfuko wa mkojo mkono wa kushoto, ndala ni za kuazima. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikabaki nimesimama nje nasikiliza, nimeshika pumzi.

Usiku ule nikamlipukia nesi. Nilisema mengi, mengine ya aibu. Aliningoja nimalize, akasema, "Dada, tuko wawili, wagonjwa ni 34," akaendelea kuchanganya dawa. Asubuhi ni yeye huyohuyo, kabla hajatoka zamu, aliyenikalisha akanifundisha kumtunza mtu mwenye mpira: mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote, lakini usilazwe sakafuni, umwagwe kabla haujajaa, mikono inawe kabla na baada, mzee anywe maji ya kutosha hata kama anaogopa, na akipata homa, au mkojo ukiacha kushuka huku tumbo linauma, tusisubiri kukuche. Kwa wiki sita baba alipokaa nyumbani na mpira, maneno hayo ndiyo yaliyotulinda. Nilikuwa nimemfokea mtu ambaye hana uwezo wa kununua hata ringi ya pazia.

Sanduku la maoni lilikuwepo, ukutani karibu na ngazi, kufuli limeota kutu. Nilitia karatasi. Mhudumu anayepiga deki akacheka kidogo akaninong'oneza, "Mama, nenda kwa metroni. Na uandike barua, usiende na mdomo."

Barua ya kwanza niliichana mwenyewe. Ilikuwa kurasa tatu, imejaa "hamna utu" na "mnatudharau". Nikafikiria wateja wangu. Anayekuja akaniambia "umeniharibia gauni" ananiudhi tu. Anayesema "bega la kulia limepanda kidole kimoja" namrekebishia akiwa amesimama. Nikaandika upya, ukurasa mmoja. Wodi ipi, kitanda namba ngapi, saa ngapi, nimeona nini. Kisha maombi matatu: pazia la kitanda, bomba la kushikia chooni upande wa kulia, kwa sababu mkono wa kushoto unashika mfuko, na mlango wa chumba cha daktari ufungwe mgonjwa anapoulizwa. Nikaeleza na ya Februari, kwamba baba alidanganya kwa sababu ya mlango uliowazi, na uongo huo umetufikisha hapa. Nikaweka namba yangu ya simu. Nakala moja kwa metroni, yaani mkuu wa wauguzi, moja ofisi ya malalamiko, moja nikabaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri usiusahau.

Metroni alinipigia baada ya siku tisa, akaniita ofisini. Mwanamke mrefu, anaongea polepole. Ukutani kwake kulikuwa na bango la zile S tano za usafi na mpangilio wa kazi, ambazo ukiangalia vizuri utazikuta hospitali nyingi nchini: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Akanieleza kwamba mpango huo ulianzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa Wajapani, ukasambaa. Akagusa neno la mwisho kwa kalamu. "Hili ndilo linalotushinda. Mapazia yalikuwepo, mama. Yalikwenda kufuliwa."

Yalikwenda kufuliwa! Nilicheka, naye akacheka. Kila kitanda kilikuwa na pazia moja. Likichafuka linakwenda dobi, kitanda kinabaki wazi. Huko dobi linachanganyika na mashuka, linarudi wodi nyingine au halirudi. Mwaka haujaisha, zimebaki reli. Nilikwenda pale nikidhani shida ni roho mbaya, kumbe nusu ya shida ilikuwa hesabu ya nguo, kazi ninayoifanya kila siku.

Hapo nikafanya kosa lingine, la kiherehere. Sikumuuliza zaidi. Nilirudi kibarazani nikachukua kitambaa kizito cha maua, rangi ya damu ya mzee, kilichobaki kwenye kazi ya harusi, nikashona mapazia manane kwa usiku mitatu, nikayapeleka kwa bajaji kama mtu anayepeleka mahari. Yakakataliwa kwa adabu. Muuguzi wa kuzuia maambukizi aliyapapasa akaniambia: hiki hakivumilii maji ya moto wala jiki, kitachuja na kuparara, maua yanaficha madoa, na sisi tunataka doa lionekane, marefu mno, yatafagia sakafu, na yamezidi uzito, hewa haipiti. Niliona uchungu. Mapazia hayo yako sebuleni kwangu mpaka leo, yamependeza sana.

Mara ya pili tulikaa chini kwanza. Kitambaa walinunua wao, chepesi, rangi ya bluu iliyopauka, mchanganyiko wa pamba na polista. Mimi nikatoa ufundi. Pindo likaishia shibiri moja na zaidi juu ya sakafu. Sehemu ya juu tukaweka wavu, mwanga upite na nesi aone dripu akiwa amesimama. Na kila kitanda kikapata mapazia mawili mawili, moja juu, moja dobi au kabatini. Kwenye pindo nilitarizi namba ya wodi na ya kitanda kwa uzi mweusi, ili lisipotee. Vitanda vinane vya upande wa mlangoni, mapazia 16. Vya ndani havikupata, pesa iliishia hapo. Bomba la chooni lilitengenezwa na fundi wao wa kuchomelea kwa vyuma vya kitanda kibovu, halikuwagharimu karibu kitu. Ngazi zile mbili wakazipiga rangi ya njano kwenye kingo. Inaudhi kidogo kwamba kilichohitaji juhudi ndogo kabisa ndicho kilichokuwa kinaweza kumvunja mzee nyonga.

Juni baba akarudi kwa upasuaji, na kipimo cha PSA kilikuwa kimeshuka. Walimfanyia kwa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Baada ya hapo kibofu kinasafishwa kwa maji ya dripu yanayoingia na kutoka, na yanayotoka mwanzoni ni mekundu. Mtu asikwambie tu "kutakuwa na damu kidogo", ukaribie kuzimia kama mimi. Uliza rangi gani ni ya kawaida na rangi gani ni ya kuita nesi. Siku ya tatu yalikuwa meupe. Nyama iliyotolewa ikapelekwa maabara, majibu yakaja baada ya wiki kadhaa: hakuna saratani.

Gharama zetu, kwa wanaouliza: vipimo, kulazwa mara mbili na upasuaji vilifika shilingi 940,000. Nje ya hospitali, kwenye magari, chakula cha anayeuguza, dawa za dukani na chupa mbili za chai zilizopotea, ni karibu 310,000. Hiyo ya pili hakuna anayekuandalia. Siku 17 cherehani yangu haikulia, na wateja wawili hawakurudi.

Baba akawa kitanda cha tatu, ndani ya pazia langu. Nilimletea mtori, nikakaa, nikashika pindo nikamwonyesha namba. Nilijivuna, sikatai. Nikamwambia, ona, sasa hakuna wa kukutazama, na siku ile kliniki kungekuwa na kitu kama hiki ungesema ukweli, tusingefika hapa.

Akanywa mtori vijiko viwili. "Siku ile pazia lingenisaidia nini? Wewe ulikuwa ndani."

Nilikaa na sentensi hiyo wiki nzima. Barua yangu ilikuwa na mlango, tofali, mama wa meza ya pili na mkwe wake. Mimi mwenyewe sikuwemo. Mzee wa Kichaga, aliyenilea, aliyenitoa kwa mume wangu mbele ya ukoo, nilitaka aeleze habari za mkojo wake nikiwa nimekaa kiti cha pembeni nimeshika mkoba. Sikuwahi kumuuliza nani aingie naye. Tungeweza kumwita baba mdogo. Ningeweza kusubiri nje.

Tukabadili utaratibu. Kabla ya kliniki ya Agosti mama aliweka kikombe na maharage kando ya kitanda. Baba akiamka usiku anatupa punje moja kikombeni, bila kumwambia mtu. Asubuhi mama anahesabu. Usiku tatu mfululizo: mbili, moja, mbili. Tukaandika kwenye karatasi, pamoja na saa na dawa anazokunywa, kwa herufi kubwa ili daktari asihitaji kuuliza kwa sauti. Namshauri kila mwenye mzazi mwenye haya afanye hivyo mapema, kabla ya rufaa. Kama tungekuwa na kikombe kile Februari!

Chumba kilikuwa bado na meza mbili. Katikati wameweka ukuta wa mbao usiofika juu, sauti inapita kama kawaida. Foleni ilikuwa ileile, tulifika saa moja tukaitwa saa tano na nusu. Lakini tofali halikuwepo. Daktari alikuwa mwingine, mwanamke. Alisimama mlangoni akamsalimia baba shikamoo, kisha akamuuliza yeye, si mimi, "Mzee, unapenda binti aingie, au atusubiri?"

"Atasubiri," baba akasema.

Mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye benchi na mkoba na kofia yake. Baada ya dakika kama 20 akatoka, mikono mitupu.

"Karatasi iko wapi, baba?"

"Nimempa."

"Amesemaje?"

"Ameuliza, nimemjibu." Akachukua kofia yake, akatangulia kuelekea kituo cha hiace.